Ukuta wa zege au bustani pembeni ya Ruaha Mdogo? Jibu kwa msomaji wa Ipogolo

Msomaji mmoja wa Ipogolo, Iringa, kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Kamwene injinia. Mtaani kwetu kuna eneo la wazi pembeni ya Ruaha Mdogo, watoto wanachezea mpira, jioni watu wanapumzika, ila masika mto ukijaa maji yanafika mpaka nyumba za mwanzo. Kamati imeahidiwa hela kidogo ya kutengeneza bustani ya kupumzikia. Wajumbe wengine wanasema kwanza tujenge ukuta wa zege mtoni, bustani itakuja baadae. Mimi ndo katibu. Tuanze na kipi, na je hivi vitu viwili vinaweza kwenda pamoja?"

Kamwene dada katibu. Vinaenda pamoja, tena vikitenganishwa ndo hela inapotea, na ule ukuta wa mtoni nakuomba msiujenge. Bustani yenyewe ndo iwe kinga, yaani muipange toka siku ya kwanza kwamba sehemu yake mto utakuja kuilalia kila baada ya muda, na mto ukishaondoka nyinyi mnafagia tope mnaendelea na maisha. Najua hapo kwenye kikao kuna mtu atasema "sasa bustani gani hiyo ya kuzama", kwahiyo ngoja nikuelezee taratibu ili uwe na cha kuwajibu.

Kwanza muelewe maji yenu yanatoka wapi, maana Ipogolo ina maji ya aina mbili na watu wengi wanayachanganya. Kuna maji ya mto wenyewe. Ruaha Mdogo unaanzia juu huko Mufindi, unashuka mpaka kwenu, alafu unaendelea chini mpaka Pawaga na kuingia Ruaha Mkuu kabla ya Mtera. Maana yake mvua ikipigwa Mufindi mnaweza mkawa mmeanika nguo Iringa jua linawaka na mto bado unapanda. Haya maji yanapanda polepole na yanakaa muda. Alafu kuna maji ya mlimani, yale yanayoporomoka kutoka mjini juu, mapaa ya bati, lami, viwanja vilivyofagiliwa majani yote, yote yanashuka kwenu mabondeni kwa spidi, yanafika ndani ya muda mfupi sana na yanaisha haraka. Mji uko juu kwenye ngome yake, nyinyi mko chini, hilo halibadiliki.

Sasa chukua hiyo picha uweke ukuta wa zege ukingoni. Mto ukijaa, ukuta unazuia maji ya mto yasiingie, sawa. Siku hiyohiyo mvua inapiga mjini, maji ya mlimani yanashuka, yanafika kwenye ukuta upande wa ndani, yanataka kwenda mtoni, hayana pa kupita. Yanasimama. Mmejenga bwawa na nyumba zenu ziko ndani yake. Mkiacha matundu kwenye ukuta ili maji ya mitaro yatoke, mto ukipanda unaingilia matundu hayohayo. Hii siyo nadharia, ni kitu cha kawaida kabisa kwenye kuta zinazojengwa bila kufikiria mitaro.

Kuna la pili. Mto ukiubana upande mmoja hauwi mdogo, maji ni yaleyale, kwahiyo yanapanda juu zaidi hapo kabla ya ukuta na yanakimbia zaidi yakishapita, kama bomba la bustanini unapoliminya mdomo na kidole gumba. Majirani wa ng'ambo na wa chini yenu ndo watalipia. Na spidi ya maji siyo jambo la kuchezea, ikiongezeka mara mbili nguvu ya kusukuma inaongezeka mara nne, hapo ndo maji yanaanza kuchimba chini ya msingi wa ukuta wenyewe. Kuta za mtoni mara nyingi haziangushwi kwa kusukumwa kifuani, zinachimbwa miguuni mpaka zinalala zenyewe. Ingawa hata kifuani mzigo upo: ukuta wa mita 1.5 ukijaa maji upande mmoja mpaka juu unasukumwa na nguvu ya kama tani 1.1 kwenye kila mita moja ya urefu wake. Ukuta wa tofali za inchi 6 uliojengwa na fundi wa nyumba hauwezi hiyo kazi, labda uwe na nondo na kitako kipana cha maana, na hicho kitako ndo kitakula hela yote ya kamati kabla hamjanunua hata benchi moja.

Badala ya ukuta ukingoni, fikirieni tuta la udongo lililorudi nyuma. Lirudi kadri mnavyoweza, lisogelee nyumba na siyo mto, ili upande wa mtoni ubaki upana wa maji kutanuka. Hapa sheria inawasaidia bila nyinyi kujua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira ya mto, na Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inalinda ukanda huohuo. Watu wakisikia mita 60 wanaona ni adhabu, mimi nikisoma naona tayari mmepewa bustani: ukanda ambao hakuna mtu anaruhusiwa kuweka gesti wala baa ya zege. Nyasi, miti, njia ya kutembea, mahali pa kukaa, hivyo vinaelewana na huo ukanda. Ila hata hivyo msianze kuchimba bila kwenda Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, bahati nzuri nyinyi makao makuu yao yako hapohapo Iringa, wengine wanapanda basi kuwafuata. Na NEMC, wale wa baraza la taifa la mazingira, muwaulize mapema kama mradi wenu unahitaji tathmini kamili ya mazingira au andiko fupi, msisubiri mpaka kijiko kimeshashusha ndoo.

Tuta lenyewe siyo kifusi cha kumwaga na tipa na kuondoka. Udongo uwe wa mfinyanzi au wenye mfinyanzi wa kutosha, mnaushindilia tabaka kwa tabaka, tabaka moja lisizidi kama sentimita 20 hivi, siyo unamwaga mita nzima alafu tipa inapita juu mnasema limeshindiliwa. Mteremko wa pembeni uwe wa kulala, kila mita 1 kwenda juu iwe na mita 3 za kwenda pembeni, hapo nyasi zinashika, bibi anapanda bila kushikwa mkono na watoto watateleza na makopo weee mpaka wachoke. Juu mnaliacha na upana wa mita 3 hivi na hapo ndo inakuwa njia kuu ya matembezi ya bustani, mtu anatembea anaona mto upande mmoja na mpira upande mwingine, hajui kama anatembea juu ya kinga ya mafuriko. Urefu wa kwenda juu mnazidisha nusu mita mpaka mita moja juu ya usawa wa mafuriko mliyochagua, kwa ajili ya mawimbi, takataka na hesabu zetu kutokuwa kamilifu. Miti mikubwa msipande juu ya tuta. Mizizi ikioza inaacha mirija, maji yanapita humo, na siku upepo ukiung'oa mti unaondoka na kipande cha tuta. Fuko nao na mchwa wakaguliwe kila mwaka kabla ya masika. Na ng'ombe, jamani, ng'ombe wakipita sehemu moja kila siku ndani ya mwaka wameshachonga mlango, wawekeeni njia yao ya mawe.

Sasa yale maji ya mlimani. Hapa ndo pananifurahisha kuliko pote kwenye eneo lenu, kwa sababu mna uwanja wa mpira.

Uwanja uwekeni nyuma ya tuta, upande wa nyumba, alafu uchimbeni ushuke nusu mita chini ya ardhi ya pembeni, na kingo zake ziwe ngazi za nyasi za kukalia watazamaji. Mitaro ya mtaa yote mnaielekeza humo. Twende na hesabu. Sema eneo linaloshusha maji kwenu ni hekta 10, mvua kubwa ya siku moja ni milimita 50, na nusu ya hiyo mvua inatiririka, nyingine inanywewa na ardhi. Mnapata mita za ujazo 2,500. Uwanja wa mita 100 kwa 60 ukishushwa nusu mita unabeba mita za ujazo 3,000. Yaani uwanja wa mpira peke yake unameza mvua nzima huku mto umejaa na nyinyi mmekaa kwenye ngazi mnaangalia. Eneo lenu likiwa na mita za mraba chache fanyeni uwanja wa saba kwa saba, mpunguze matarajio kwa uwiano huo. Hekta zenu halisi mtazipata mkipima, mimi nimeweka 10 kwa mfano tu.

Toka uwanjani hadi mtoni mnapitisha bomba chini ya tuta, na mwisho wake upande wa mto mnafunga kifuniko cha bawaba kinachojifunga chenyewe mto ukipanda na kujifungua ukishuka. Ni kitu rahisi sana na ndo kitu kinachosahaulika kuliko vyote, kijiti kimoja tu au chupa ya soda ikikwama kwenye bawaba kifuniko hakifungi na mto unakuja kucheza mpira. Kwahiyo mbele ya bomba upande wa uwanja wekeni chekeche la nondo na mtu mmoja mwenye jina lake apewe kazi ya kulisafisha kila wiki masika. Chekeche liwe la kulala kidogo, siyo wima, takataka zinapanda juu badala ya kuziba. Alafu hakikisheni uwanja unakauka ndani ya siku tatu, maji yakisimama wiki nzima na zaidi mmeshafuga mbu na watoto hawana pa kucheza.

Upande wa mtoni, ule ukanda wa mbele ya tuta, huko muwe wabahili kabisa. Kila kitu mtakachoweka huko jiulizeni, maji yakipita juu yake kwa siku mbili yakiwa na tope na magogo, asubuhi ya tatu kinakuwaje? Pevingi hapana, maji yanafyonza mchanga wa chini na vitofali vinabaki vimetapakaa, pigeni zege yenye mikwaruzo au kokoto iliyoshindiliwa. Mabenchi ya zege yaliyozikwa miguu au magogo mazito yaliyofungwa na chuma, ya mbao yatasafiri mpaka Pawaga. Uzio wa waya kukatisha mkondo marufuku, unakamata majani na mabua, ndani ya saa moja ni ukuta, alafu unakatika wote kwa mkupuo na huo mkupuo una madhara kuliko mafuriko yenyewe. Taa za sola sawa, ila betri iwe juu ya nguzo. Bembea na vitu vya kuchezea watoto vikae nyuma huko kwenye usawa wa juu, siyo kwa sababu vitaharibika tu, ni kwa sababu mtoto anafuata bembea na maji ya goti yanayokimbia yanamwangusha hata mtu mzima.

Vyoo navyo nyuma, juu, mbali. Hili sitaki hata mjadala. IRUWASA wanachukua maji ya mji kwenye mto huohuo hapo Ndiuka, kwahiyo shimo la choo kwenye ukanda unaofurika ni kuwanywesha watu wa Iringa. Chumba cha choo kiwe upande wa barabara, tanki la kufungwa, gari la majitaka lifike bila kukanyaga nyasi. Vibanda vya chipsi na vinywaji vivyo hivyo, vikae karibu na barabara ambako ndo wateja wanapita, na kodi yake nitairudia chini huko.

Miti sasa. Mikaratusi msipande, na kama ipo ukingoni ongeeni na maafisa wa misitu namna ya kuitoa taratibu, inakunywa maji sana na chini yake nyasi hazioti, na penye udongo mtupu ndo mto unaanza kula. Pandeni mikuyu, mizizi yake inashikilia ukingo vizuri na kivuli chake ni cha heshima. Matete yakiwepo yaacheni, watu wanayafyeka wanasema ni uchafu, yale ndo yanapunguza spidi ya maji ukingoni bure bila kandarasi. Nyasi ya ukoka inavumilia kuzama kuliko nyasi za kununua. Kwenye mteremko mkali pandeni vetiva, ni aina ya nyasi ndefu, kwa mistari ya kukinga mteremko, mizizi yake inakwenda chini mita mbili na zaidi. Na mianzi. Mkipanda mianzi ya ulanzi pembeni kule, ukingo utashikiliwa na nawahakikishia haitakosa mtu wa kuilinda masika yote, tatizo litakuwa ni mkutano wa wagema kuhamia bustanini, hilo mtalipangia utaratibu wenyewe mnajuana.

Gabioni je, yale makapu ya waya yanayojazwa mawe? Najua mtaambiwa, maana mkandarasi akiona mto anaona gabioni. Zina kazi yake: kona ya nje, pale mto unapopinda na kugonga ukingo. Hapo sawa, mita chache, na nyuma yake iwekwe kitambaa cha kuchujia ili udongo usitoke kwenye matundu ya mawe, bila hicho kitambaa ukingo unayeyuka nyuma ya gabioni huku gabioni yenyewe imesimama inawatazama. Kona ya ndani haihitaji, huko mto unaweka mchanga wenyewe. Kwahiyo mkiletewa hesabu ya gabioni urefu wote wa eneo ulizeni kona ziko wapi.

Na hapo kwenye mchanga kuna jambo linaweza kuua mradi wote. Kama kuna watu wanachota mchanga mtoni hapo au chini kidogo, sakafu ya mto inashuka, kingo za juu zinabaki zinaning'inia, zinaporomoka, na hakuna tuta wala vetiva itakayofuata mto ukishuka. Kabla ya mti wa kwanza kupandwa malizeni hilo na viongozi wa mtaa na Bodi ya Maji. Vilevile wenye vinyungu. Wale watu wanalima bondeni kiangazi miaka na miaka, mboga mnazokula sokoni nyingine zinatoka huko, mkiwafukuza kwa tangazo tu watarudi usiku na jembe kwenye tuta lenu. Waiteni kwenye kikao cha kwanza, siyo cha mwisho. Wengine ndo watakuja kuwa watunzaji wazuri wa bustani kwa sababu wanaujua mto kuliko mimi na kuliko kamati.

Mtaniuliza tuta liwe refu kiasi gani, yaani tujikinge na mafuriko gani. Hapa watu wanadanganyika na maneno. Ukisikia mafuriko ya miaka 100 siyo kwamba yanakuja mara moja yanaondoka mpaka vitukuu, ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 yatokee, na ndani ya miaka 30 ya nyumba yako uwezekano wa kuyaona ni kama asilimia 26, robo nzima. Mafuriko ya miaka 10, ndani ya miaka 10 uwezekano wake ni asilimia 65. Kwahiyo kila sehemu ya eneo lenu ipewe daraja lake: matete na nyasi za mbele zizame kila mwaka hakuna shida, njia ya chini na mabenchi yazame mara moja kila miaka michache, tuta likinge nyumba kwa mafuriko makubwa kadri hela inavyofika. Ukitaka kila kitu kisizame utajenga kitu cha bei kubwa ambacho kikizama siku moja kinazama chote.

Usawa wenyewe mnaupataje? Bodi ya Maji wana vituo vya kupima kina cha Ruaha Mdogo, waombeni kumbukumbu, na TMA, wale wa hali ya hewa, waombeni za mvua. Wakati mnasubiri hayo majibu tembeeni na wazee. Waulizeni El Niño ya 1997 na 1998 maji yalifika wapi, yaligusa dirisha au kizingiti, mwembe upi. Kila alama wanayowaonyesha pigeni rangi, alafu mpimaji mmoja mwenye mashine apite siku moja achukue usawa wa alama zote. Hiyo kazi ya siku moja ina thamani kuliko michoro mizuri ya rangi rangi ambayo mtaletewa na mtu ambaye hajawahi kuuona mto masika. Kumbukeni pia miteremko nayo miaka ya karibuni haitupi raha, April 2024 Mlima Kawetere uliporomoka pale Itezi Mbeya ukafunika nyumba na shule, kwahiyo mkikagua mto geukeni pia muangalie mlima nyuma yenu unachongwa na nani.

Mjumbe wenu anayesema bustani ya kuzama haijawahi kuonekana mwambie ipo. Singapore walikuwa na mfereji wa zege ulionyooka wa kilomita 2.7, Mto Kallang, unapita pembeni ya bustani ya Bishan. Walikuwa na hela ya kuujenga upya kwa zege nzuri zaidi. Wakauvunja, wakaufanya mto wa kona kona wa kama kilomita 3 katikati ya nyasi, mvua ikiwa kubwa mto unatanuka mpaka karibu mita 100 na bustani inakuwa mto, ikiisha watu wanarudi kukaa. Ilikamilika 2012. Zege iliyovunjwa wakaijengea kilima cha watu kupanda kuangalia, na wana ving'ora vya kuwatoa watu maji yakianza kupanda. Hapa kwetu Dar nao Bonde la Msimbazi ndo mwelekeo huohuo, Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 200 mwaka 2022, kazi yenyewe ni kuwahamisha na kuwafidia watu wa chini kabisa, kunyanyua daraja la Jangwani, na bonde liwe la mto na bustani. Miaka yote pale tulikuwa tunajenga ndani ya njia ya maji alafu tunashangaa maji yakipita.

Ila na upande mwingine wa shilingi nikuambie. Houston, Marekani, walimaliza kutengeneza bustani ya Buffalo Bayou 2015, nayo imepangwa izame, 2017 kimbunga Harvey kikapita. Bustani haikufa, lakini tope lililobaki lilikuwa milima, kazi ya kulitoa ilikuwa ndefu na ya gharama. Mto wenu nao ni mwekundu masika, unaujua. Tope likikaa juu ya ukoka siku mbili tatu linatoka kwa reki na maji, likikauka wiki mbili ni matofali na nyasi chini imekufa.

Kwahiyo swali langu kwa kamati kabla ya michoro: nani ataondoa tope? Mwaka wa uzinduzi mtapata watu wengi, fulana zitachapishwa. Mwaka wa tatu ndo nauliza. Ndo maana nikasema vibanda. Kodi ya vibanda vinne vitano vya upande wa barabara, na kiingilio kidogo cha bonanza na sherehe, viingie kwenye akaunti ya bustani tu, siyo mfuko wa jumla, na iandikwe kwenye makubaliano na halmashauri toka mwanzo kwamba fungu fulani ni la tope, chekeche na kukagua tuta. Wekeni mabeleshi, reki na toroli zenu wenyewe stoo, kuazima siku ya mafuriko hakuna atakayekuazima na yeye analo lake.

Na tahadhari. Pigeni nguzo moja mtoni yenye rangi tatu, kijani, njano, nyekundu, na ubao wa maandishi makubwa: maji yakifika njano watoto wote nyuma ya tuta, yakifika nyekundu hakuna mtu mbele ya tuta. Tafuteni mtu wa kuaminika juu huko upande wa Mufindi awapigie simu mto ukipanda kwake, na simu yake iwekewe vocha na kamati, msimuombe kwa hisani.

Mitaro ya mtaa ni ya TARURA, barabara kuu na daraja lake ni TANROADS, msiguse kalavati la mtu bila barua. Kama kuna nyumba ziko mbele ya pale tuta litakapopita, hilo ni jambo la fidia na mazungumzo, lisemwe wazi kwenye mkutano wa mtaa. Ukilificha litawakuta mahakamani.

Kwa hela kidogo mliyonayo, mpangilio wangu ni huu: mwaka huu kiangazi kupima usawa, kuongea na wenye vinyungu na wa mchanga, kusafisha mitaro, kupanda matete, vetiva na mikuyu masika yakianza Novemba, maana miche ikipandwa mwezi huo haihitaji ndoo. Kiangazi kinachofuata mchimbe uwanja, na udongo wa uwanja mtaujaribu kama unafaa tuta. Finyanga donge lenye unyevu, likunje kama chapati nyembamba, likivunjikavunjika ni mchanga mno, likikunjika vizuri lipelekeni maabara mpate uhakika. Uchimbaji wa uwanja wa nusu mita unatoa mita za ujazo 3,000, huo ni udongo ambao hamtanunua wala kulipia tipa kutoka mbali. Mabenchi, taa na vibanda ni mwaka wa tatu. Watu watalalamika hawaoni kitu, fungueni njia ya matembezi mapema hata kama ni ya vumbi.

Mkishapata zile alama za wazee na usawa wake, piga picha ya karatasi ya mpimaji unitumie, na unionyeshe mitaro inaingilia wapi na kona za mto ziko wapi. Hapo ndo naweza kukuchorea tuta lipite wapi, kwa sasa hivi ningekuwa nakisia.